Tanki liko juu ya paa lakini shawa ya ghorofani inadondosha tu: nifunge pampu gani, na wapi?

#1 MkaziWaGoba
Wakuu, habari za jioni.
Nyumba iko Goba, ghorofa moja. Tanki la lita 2,000 limekaa kwenye zege juu kabisa. Tatizo ni kwamba kutoka kitako cha tanki mpaka shawa ya bafu la juu ni kama mita moja na nusu tu. Bafu la chini maji yanakuja vizuri. Bafu la juu nimefunga shawa ya umeme ya wati 5,500 na mara nyingi haiwaki, yanadondoka maji baridi. Bomba ni PPR (la plastiki ngumu), linatoka tankini inchi moja na kuingia bafuni nusu inchi.
Fundi anasema nifunge pampu ya hosipawa moja, habari iishe. Jamaa yangu anasema hiyo ni ya kuvutia maji kisimani. Mama watoto anachotaka ni pampu isiyopiga kelele, maana chumba cha mtoto kiko chini ya zege hilohilo.
Naomba mawazo: aina gani, ukubwa gani, ikae wapi? Picha nitaweka kesho kukiwa na mwanga.

#2 KokiMbovu
Hosipawa moja kwa shawa moja? Muulize fundi wako unaoga au unazima moto.

#3 FundiBomba_Mbagala
Tuanze na urefu, maana watu wanaruka hapo na kukimbilia dukani.
Mita 10 za maji ni presha ya bar 1. Wewe una mita moja na nusu, kwa hiyo una bar 0.15. Bafu la chini limeongezewa kama mita tatu, ndiyo maana huko hulalamiki. Shawa nyingi za umeme tunazofunga hapa nchini zinataka angalau mita moja ya maji juu yake ili kile kiwambo cha ndani kisukumwe na umeme ushike. Hiyo mita na nusu yako ikishapunjwa na elbo, koki na chujio, inafika pungufu.
Dawa ni kupandisha tanki au kufunga pampu. Kupandisha tanki la lita 2,000 maana yake unabeba tani mbili za maji juu ya nguzo mpya, kwa hiyo usifanye bila mtu anayejua nondo na zege.

#4 Nguzo_Tegeta
Mkuu #3, urefu ni kweli lakini umeruka bomba. PPR ya milimita 20 ile nene ya maji moto, tundu lake la ndani ni milimita 13.2 tu. Ya 25 ni milimita 16.6. Ukipiga eneo la tundu, ya pili ina nafasi kubwa kwa zaidi ya nusu. Watu wanaita zote "nusu inchi" na "robo tatu" na hawajui wanachonunua. Kwenye presha ndogo kama ya kwake, kila elbo ni mwizi. Mimi ningebadilisha bomba la bafuni liwe 25 mpaka karibu na shawa kabla ya kununua pampu yoyote.

#5 BintiSaid_Unguja
Assalam alaykum. Mie niko Mwanakwerekwe. Kabla ya kuvunja ukuta fungua uso wa shawa uutazame. Maji yetu hapa yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe, chokaa tupu. Vile vitundu vinaziba kidogo kidogo mpaka maji yanatoka kama machozi. Uloweke kwenye siki usiku mzima, asubuhi usugue kwa mswaki wa zamani. Kwetu tunafanya hivi kila baada ya muda na wala hatuna pampu.

#6 MkaziWaGoba
Shukrani wakuu. Dada #5, maji ni ya DAWASA, yakikatika nanunua la boza, na boza nalo sijui linachota wapi, mara nyingine lina chumvi. Nitaufungua huo uso.

#7 FundiBomba_Mbagala
Kabla ya yote tupe namba. Chukua ndoo ya lita 10 yenye alama, simu yako ina saa ya kupimia. Pima shawa ikiwa imefungwa kamili. Kisha fungua shawa yote, acha bomba tupu ukutani, upime tena palepale kwa urefu uleule. Tanki liwe limejaa mara zote mbili, na asiwepo mtu anayefua chini. Hizo namba mbili zitatuambia adui ni bomba au ni shawa, na wewe utaacha kusikiliza maneno yetu.

#8 Mzee_wa_Kibaha
Mnazunguka sana. Mimi pampu yangu nimeiunga moja kwa moja kwenye bomba linalotoka kwenye mita. Maji yakija yanapanda mpaka juu kwa nguvu, sihitaji hata tanki.

#9 Nguzo_Tegeta
Mzee wangu, shikamoo, lakini hilo usilifanye na usimfundishe mtu. Mamlaka za maji zinakataza kuunga pampu kwenye bomba la mtaa, na sababu yake ina maana. Unawanyonya majirani wa mwisho wa laini. Lakini kubwa zaidi, ukivuta kuliko bomba linavyoleta, ndani ya bomba panakuwa hakuna presha, na pale lilipopasuka, maji machafu ya nje yanaingizwa ndani. Yale mnayokunywa wote. Pampu ivute kutoka kwenye tanki lako, basi.

#10 Mzee_wa_Kibaha
Marahaba. Sasa tanki la chini nitaliweka wapi, uwanja wenyewe huu? Lakini hilo la maji machafu sikuwahi kuambiwa.

#11 KokiMbovu
Mzee weka simtanki la lita 500 pembeni ya choo cha nje, boya ndani, pampu ivute humo. Majirani watakusalimia tena.

#12 Mtanga_Leicester
Kuongezea #9: huku Uingereza kanuni za viungo vya maji za mwaka 1999 zinasema pampu inayovuta zaidi ya lita 12 kwa dakika kutoka bomba la mtaa lazima kampuni ya maji ijulishwe kwanza. Kwa hiyo si Bongo tu.
Nyumba nyingi za zamani huku zina tanki darini kama la mleta uzi, na tatizo ni lilelile la ghorofa ya juu. Wanachofanya ni kufunga pampu ya shawa yenye impela mbili (magurudumu ya kusukuma maji) kwenye mota moja, moja inasukuma maji baridi na nyingine ya moto, ili zote mbili zifike kwenye mikisa (koki ya kuchanganya moto na baridi) kwa presha sawa. Mkiwa na mikisa huko na hita ya kuhifadhi maji, usisukume upande mmoja tu. Baridi lenye nguvu litaingia kwenye bomba la moto na utaoga baridi huku umeme unalipa.

#13 MkaziWaGoba
Namba hizi hapa. Tanki limejaa, hakuna bomba lingine lililofunguliwa.
Shawa ikiwa imefungwa: lita 10 kwa dakika nne kamili.
Bomba tupu palepale: lita 10 kwa dakika moja na sekunde 10.
Uso wa shawa nimeutoa, una chokaa kidogo lakini si ya kuziba.

#14 FundiBomba_Mbagala
Safi. Lita 2.5 kwa dakika na shawa, karibu lita 8.6 bila shawa. Kwa mita moja na nusu, 8.6 si mbaya hata kidogo. Ndugu #4, bomba lake halina kesi kubwa.

#15 Nguzo_Tegeta
Sijakubali. Bomba tupu likimwaga hovyo halifanani na bomba lililounganishwa na kitu kinachotaka presha. Ila nakubali kwamba shawa inakula zaidi.

#16 Fundi_Umeme_Makongo
Mleta uzi, swali moja. Kwenye mdomo wa shawa pale maji yanapoingilia, kuna kiplastiki kidogo chenye tundu jembamba? Shawa za aina hii, hasa zinazotoka Brazili, huja nacho ndani ya boksi. Ni kipunguza presha kwa nyumba ambazo tanki liko juu sana au jengo ni refu. Fundi wengi wanakipachika tu kwa sababu kimo kwenye boksi. Kwa mita moja na nusu hakitakiwi kabisa.

#17 MamaWaWatatu
Hicho kiplastiki nilikiona mie, fundi akanambia ni cha kuchuja mchanga 😂

#18 Mnyalukolo_wa_Njombe
Wakuu wa Pwani, kabla hamjamuuzia pampu, hesabu ya joto mmeifanya?
Shawa ya umeme haina hifadhi ya maji moto. Inapasha yanayopita. Wati 5,500 zikipasha lita 4 kwa dakika, maji yanapanda kama nyuzi 20. Ukiyafanya lita 8, yanapanda nyuzi 10 tu, kwa umeme uleule. Huku kwetu Julai asubuhi, nyuzi 10 juu ya maji ya tankini ni mateso. Watu wanafunga pampu kisha wanalalamika shawa imeharibika, kumbe haijaharibika. Wameiongezea maji, hawajaiongezea moto.

#19 KokiMbovu
Goba na Njombe wapi na wapi. Huku tanki la juani saa kumi jioni maji yanakuchemsha mwenyewe.

#20 Mnyalukolo_wa_Njombe
Ndiyo nasema Goba atafaulu. Nawasemea wanaosoma uzi huu wakiwa Makete, Njombe na Lushoto.

#21 FundiBomba_Mbagala
Mkuu #18 amesema jambo ambalo wateja hawalipendi ila ni kweli.
Sasa pampu zenyewe. Za nyumbani utakazokutana nazo dukani kwa kazi hii ni za namna mbili.
Ya kwanza ni ile ndogo inayokaa katikati ya bomba, wati 100 hadi 120, inaongeza kama mita 8 au 9, yaani bar 0.8 au zaidi kidogo. Maji hupita ndani ya mota yenyewe, kwa hiyo inalia kidogo sana. Ina swichi ya mtiririko, ukifungua koki inawaka, ukifunga inazima. Mshale wake ufuate maji, na shafti (mhimili wa mota) ilale, isisimame. Mafundi wengi wanaikosea hapo.
Ya pili ni ile ya nusu hosipawa ya impela ya shaba, ambayo kila mtu anayo. Inasukuma hadi karibu mita 40 na lita 40 kwa dakika kwenye mwisho wake, lakini si vyote kwa pamoja. Soma lebo: ukichukua urefu wote, maji yanakuwa matone. Hii inataka kontrola ya presha (kifaa cha kuiwasha na kuizima kufuata presha) au mtungi wa presha, na inapiga kelele.
Ya hosipawa moja ya aina hiyohiyo inafika mita 60 na kitu. Shawa za umeme nyingi mwisho wake ni mita 40 za maji. Hapo unaona fundi wake alikuwa anampeleka wapi.

#22 Fundi_Umeme_Makongo
Nasahihisha kidogo. Koki ya ukutani iko kabla ya shawa, na mdomo wa shawa uko wazi muda wote. Ukifunga koki, shawa haioni ile presha ya juu kabisa ya pampu. Inaona tu presha ya maji yanayopita. Kwa hiyo nusu hosipawa haitapasua shawa. Vitakavyoteseka ni koki zenyewe, mipira ya tanki la choo na zile hozi za sinki, maana hizo ndizo zinabaki zimefungwa pampu ikiwa inasukuma. Hosipawa moja bado siiungi mkono.

#23 FundiBomba_Mbagala
Sawa, hapo umenyoosha. Hozi za sinki ndizo huwa zinapasuka usiku.

#24 Otis_wa_Kitengela
Salamu kutoka Kenya. Mimi niko Kitengela, maji yetu ni ya kisima na yana chumvi kweli. Nimesoma mwenye nyumba akisema maji ya boza yana chumvi, na hapo nashtuka. Kuna shawa za umeme za maji ya kawaida ambazo waya wake wa moto uko wazi ndani ya maji, na kuna za maji ya chumvi ambazo waya umefunikwa. Chumvi inapitisha umeme. Ukiweka ile ya kawaida kwa maji ya chumvi, unaweza kuguswa na stima ukishika koki. Usiweke pampu kwanza. Hakikisha shawa ni ya maji ya chumvi na waya wa ethi umefika chini kweli.

#25 Fundi_Umeme_Makongo
Huyu ndugu wa Kitengela asikilizwe. Na waya: wati 5,500 kwenye volti 230 ni ampea 24. Waya wa milimita 2.5 uliotoka kwenye soketi ya chumbani hautakiwi hapo. Shawa iwe na waya wake kutoka kwenye breka, milimita 4 au zaidi, na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Pampu ipewe laini yake nyingine.

#26 MamaWaWatatu
Mimi nina ile ya nusu hosipawa na kontrola. Presha ni nzuri, sina neno. Lakini usiku wa manane inawaka yenyewe, vuuum, inazima. Baada ya dakika kadhaa tena. Mume wangu anasema ni umeme wa mtaani unachezacheza. Jirani anasema ni popo wamekaa kwenye kontrola. Naomba mnisaidie na mimi kwenye uzi wa watu.

#27 Nguzo_Tegeta
Dada, tanki la choo linavuja. Kontrola nyingi zinawasha pampu presha ikishuka mpaka bar 1.5. Choo kikidondosha hata kidogo, bomba linashuka polepole, ikifika 1.5 pampu inaamka. Weka rangi ya chakula kwenye tanki la choo jioni, usivute. Asubuhi ukikuta rangi bakulini umempata mhalifu.

#28 Mzee_wa_Kibaha
Au nonriteni (valvu ya kuzuia maji kurudi) ya kontrola imeliwa na mchanga, maji yanarudi nyuma tankini. Hilo nalo linafanya hivyohivyo.

#29 MamaWaWatatu
Kwa hiyo choo, nonriteni, umeme au popo. Haya, naanza na choo. Asanteni.

#30 Fundi_Umeme_Makongo
Ukishindwa kupata chanzo, mtungi wa presha wa lita 24 unapunguza huo mchezo, kwa sababu una akiba ya maji yenye presha, pampu haiamki kwa kila tone. Ila hewa ya mtungi ipimwe kwa kipimo cha tairi wakati hauna maji. Iwe pungufu kwa bar 0.2 ya presha ya kuwashia. Swichi ikiwasha kwenye bar 1.4, hewa iwe 1.2. Mingi inatoka kiwandani ikiwa na 1.5, na mafundi wanaifunga hivyohivyo.

#31 Dereva_wa_Boza
Nimeona mnatusema. Wengine wetu tunachota kwenye visima virefu vya watu binafsi na maji yanatofautiana. Mteja ana haki ya kuonja kabla hajajaza tanki, hatukatai. Na mchanga wa chini ya tanki lako usitusingizie, tanki lisiposafishwa linajitengenezea wenyewe.

#32 KokiMbovu
Umeingia kwenye uzi wa pampu kujitetea, tumekusikia mkuu 😂 Bei ya boza Goba sasa hivi ikoje?

#33 Dereva_wa_Boza
Njoo pembeni.

#34 Bachela_Sinza
Swali la mpangaji: pampu inakula uniti kiasi gani? Luku yangu nachangia na wenzangu watatu, sitaki ugomvi.

#35 Nguzo_Tegeta
Nusu hosipawa ni kilowati 0.37. Mkiiendesha dakika 20 kwa siku, mwezi mzima ni uniti 3.7. Kwa wa T1 (wateja wa umeme wa kawaida), uniti moja na kodi zake ni kama shilingi 356. Haifiki hata elfu moja na mia nne.

#36 Fundi_Umeme_Makongo
Hiyo 0.37 ni nguvu ya shafti, mkuu. Umeme unaoingia ni zaidi, chukua kilowati 0.55 uwe salama. Uniti 5.5, kama elfu mbili kwa mwezi. Bado ni ndogo. Linganisha na shawa: wati 5,500 kwa dakika 20 hizohizo ni uniti 55 kwa mwezi, karibu elfu ishirini. Ugomvi wa Luku hapo Sinza hautaletwa na pampu.

#37 MkaziWaGoba
Wakuu, nimefungua mdomo wa shawa. Kiplastiki kilikuwemo kweli! Nimekitoa, uso nimeuloweka kwenye siki kama dada wa Unguja alivyosema. Sasa lita 10 zinajaa kwa dakika mbili na sekunde 20. Shawa inawaka, maji ni ya moto kabisa. Lakini mtu akivuta choo au akifungua sinki la jikoni inazima hapohapo, kisha inarudi.
Sasa bado nafunga pampu au niishie hapa?

#38 BintiSaid_Unguja
Alhamdulillah. Ningekuwa mie ningeishia hapo, nikawaambia watoto wasivute choo baba anapooga.

#39 Nguzo_Tegeta
Lita 4.3. Sasa vuta bomba la peke yake la milimita 25 kutoka tankini mpaka bafu la juu, lisichangie na choo wala jiko. Tatizo la kuzimwa linaisha bila mota, bila uniti, bila kelele. Umeme ukikatika utaoga baridi lakini utaoga.

#40 FundiBomba_Mbagala
Kuvunja vigae vya bafu kwa ajili ya bomba jipya ni gharama kuliko pampu ndogo. Kabla ya kutoa kile kiplastiki nilikuwa nasita juu ya pampu ndogo, kwa sababu swichi yake ya mtiririko inataka maji yawe yanatembea kwanza, na lita 2.5 ni karibu sana na mpaka wake. Kwa lita 4.3 itashika vizuri.
Usitegemee miujiza lakini. Presha ikipanda mara sita, maji hayapandi mara sita. Yanapanda kama mara mbili na nusu, tena kwenye hesabu ya karatasi. Chukua lita 8 au 9. Kwa maji ya Goba, moto utakutosha.
Ikae karibu na tanki, chini ya kitako cha tanki, chujio mbele yake, yunioni na geti valvu pande zote mbili ili ikifa utoe bila kumwaga tanki zima. Usiilaze juu ya zege. Ining'inize kwenye ukuta wa nje kwa vishikio vyenye mpira, chumba cha mtoto hakitasikia kitu. Jua na mvua visiigonge.

#41 Mnyalukolo_wa_Njombe
Na njia ya pembeni je? Umeme ukikatika?

#42 FundiBomba_Mbagala
Hiyo ni lazima. Bomba la pembeni linaloizunguka pampu, lenye nonriteni. Pampu ikifanya kazi, nonriteni inafunga maji yasizunguke. Ikizima, maji yanapita yenyewe. Ila isiwe nonriteni ya springi. Springi inakula presha, na yeye ana bar 0.15 tu ya kugawa. Iwe ile ya mlango unaobembea, ilazwe ipasavyo.

#43 Nguzo_Tegeta
Naona tumerudi kwenye kuhesabu kila kitu kinachokula presha. Ndiyo nilichosema bandiko la nne.

#44 FundiBomba_Mbagala
😀 Ulisema bomba. Lilikuwa kiplastiki.

#45 Dokta_wa_Sola
Mmemsahau mtu mmoja. Kama mleta uzi au mwingine ana hita ya jua ya mirija ya kioo, ile isiyo ya presha, yenye tanki dogo la kujazia pembeni, asiisukumie pampu. Tanki lake la ndani halikutengenezwa kwa presha, litavimba au kuachia mshono. Pampu kwa hita kama hiyo ikae baada ya hita, na iwe ya kustahimili maji moto.

#46 MkaziWaGoba
Sina ya jua, dokta, asante.
Fundi wangu nimemwonyesha uzi huu. Hosipawa moja ameiacha, lakini anasema pampu ndogo za katikati ya bomba hazidumu kwa maji yetu, mchanga unazikwamisha, na kwamba nusu hosipawa na kontrola yenye kinga ya kukauka ndiyo anayoweza kuiwekea dhamana. Mama watoto ameusoma pia na yeye yuko upande wa #39, bomba la peke yake. Tumebaki nyumba nzima tunabishana.

#47 Fundi_Umeme_Makongo
Fundi wako hajakosea kuhusu mchanga, lakini nusu hosipawa nayo inakwama, tena zaidi. Nafasi kati ya impela ya shaba na nyumba yake ni ndogo mno. Ikinguruma bila kuzunguka, mara nyingi ni chembe ya mchanga au kutu, na pengine ni kapasita. Zima haraka, usiiache ikinguruma, nyaya zinaungua. Hiyo kinga ya kukauka anayosema ni ya muhimu kwa pampu yoyote. Tanki likiisha maji usiku, sili inaungua kabla hujaamka.

#48 Mzee_wa_Kibaha
Mimi tanki la lita 500 nimeshanunua, naomba mnieleze boya la umeme linaungwaje na pampu.

#49 Fundi_Umeme_Makongo
Mzee, boya la umeme lina waya tatu. Unatumia mbili tu, na zile mbili ndizo zinazoamua liwashe tanki linapojaa au linapokauka. Kwa tanki la chini unataka likate likikauka. Fungua uzi wako tukuchoree, hapa tutamchanganya mwenye nyumba.

#50 FundiBomba_Mbagala
MkaziWaGoba, kabla hujaamua lolote, pandisha picha ya bomba linapotoka tankini. Nataka kuona kama lile la bafu la juu limekatiwa kutoka bomba la choo au limetoka peke yake. Na tuambie kama chini ya tanki kuna koki ya kumwagia mchanga.